Kiti cha Mbele cha Boti ya Usumani

Alhamisi, 20 Februari

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele ni viuno na mabega ya watu wa Kagarama, na nusu yao wamekwisha nenepa. Leo nimeligeuza, naanzia nyuma. Sikwenda shule. Herufi nilizipata nikiwa na miaka hamsini na tisa, darasa la watu wazima kule Kicukiro, na mwalimu alisema naandika kama ninavyoshona, mshono mfupi mfupi lakini unashika. Basi.

Mume wangu Usumani amekufa Jumatano ya wiki iliyopita, tarehe kumi na mbili, asubuhi, msasa mkononi, ubavuni mwa boti yake.

Ndiyo, boti. Huku juu ya kilima, ambako hata maji ya kunywa siku nyingine yanatujia kwa madumu. Alizaliwa Ujiji, utoto wake wote majini na baba yake, kisha akaja Kigali kwa useremala. Milango ya nusu ya mtaa huu ni kazi ya mkono wake. Alipoacha kazi akasema, "Maisha yangu yote nimetengeneza vitu vya kufungia watu. Sasa nataka kutengeneza kimoja cha kuwatoa." Miaka miwili akaijenga uani, boti ndogo ya tanga, ya watu wawili, apeleke kwenye mashindano ya ziwa Muhazi. Watu walikuwa wanachungulia juu ya ukuta, wanamwita Nabii Nuhu. Tanga nilimshonea mimi.

Kila siku ya Mungu aliniita: "Mama Hadija, njoo ukae kiti cha mbele, nione uzito unavyokaa." Kila siku nilimjibu: "Sipandi boti ya nchi kavu, mimi si kuku wa kutaga kwenye sanduku. Ikifika majini niite."

Asubuhi ile aliniita pia. Nilikuwa na mkono wa koti kwenye cherehani. Nikasema, "Nimeshakujibu." Sikugeuka. Cherehani iliponyamaza, yeye alikuwa amekwisha nyamaza.

Ijumaa, 21 Februari

Mwalimu Swafiya, anayetufundisha wanawake msikitini, amekuja kunikalisha eda. "Miezi minne na siku kumi, Mama Hadija. Hutoki nje ya ua ila kwa dharura. Wanja hakuna, manukato hakuna, wanaume wa nje hawakuoni."

Nilimwambia nimempa yule mtu maneno makali miaka arobaini na minne. Siku hizi nitampa nzima, bila pindo kulegea, kama suti ya bwana harusi.

Alipoondoka nikaitundika kalenda ya famasi karibu na cherehani. Kumi na mbili Februari, miezi minne, kumi na mbili Juni. Ongeza kumi. Ishirini na mbili Juni, Jumapili. Nimeizungushia kalamu nyekundu.

Jirani yangu Épiphanie, mwenye duka la mkaa na ndizi, anayeniita mukecuru, bibi kizee, amesema atakuja kila asubuhi kuikata siku. "Wewe utajipunja, mukecuru. Mimi iko Mukatolika, siku arobaini za Kwaresima nahesabu kila mwaka, sijakosa hata moja."

"Huli nyama hizo siku arobaini?"

"Nasema nahesabu. Sijasema nafunga."

Nilicheka. Kisha nikaona haya, mjane wa siku tisa.

Ijumaa, 28 Februari

Mwezi umeandama. Nimeuona kwa macho yangu dirishani, juu ya migomba ya bondeni, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Kesho kufunga.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Mjukuu wangu Umulisa ameipeleka boti majini. Nimemlea mwenyewe, mama yake, binti yangu Hadija, ameolewa Bujumbura. Anauza simu pale Kicukiro, ana miaka ishirini na miwili na mdomo wangu. Kiti cha mbele amempa rafiki yake Kaze, msichana mwenzake.

Mashindano ni Jumamosi sita, zinapishana wiki mbili hadi nne, boti tisa. Wanazunguka maboya matatu na kurudi. Wa nyuma anashika usukani na kamba ya tanga. Wa mbele anatazama upepo unakotoka, na boti ikigeuka anahamia upande wa pili haraka, uzito wake uizuie isilale.

Wamekuwa wa saba.

"Bibi, upepo ule hauna adabu. Unatoka mashariki, ukijipanga unatoka kusini, ukijipanga tena umekufa. Kila bonde lina wake."

Ametua kwenye mkeka, funga imemkausha midomo. Nikamwambia maneno ya babu yake, nilikuwa nayasikia miaka miwili nikijifanya sisikii. Alisema ziwa lile ni jembamba, pande zote ni vilima vya migomba. Usiangalie maji, maji ni waongo. Angalia migomba ng'ambo. Majani yakigeuka tumbo, yakaonyesha weupe wa chini, vuta pumzi tatu. Ya tatu ikitoka, upepo umefika. Hamia.

"Babu aliyajuaje ya Muhazi?"

"Alikuwa anakwenda na basi kila Jumapili, anakaa ufukweni, anapumua. Mimi nilidhani ana mwanamke."

Jumapili, 30 Machi

Idi. Sahani moja imezidi mezani. Nimeiweka mwenyewe, kwa mazoea.

Jumamosi, 5 Aprili

Wa nne. "Pumzi tatu zinafanya kazi, Bibi!" Nimepika pilau, ingawa mvua imezima jiko mara mbili.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya waliouawa mwaka wa tisini na nne. Redio inasoma majina. Sitaandika.

Jumamosi, 26 Aprili

Wa pili! Wa kwanza ni Ntare, yule wakili aliyekulia Kampala, mwenye boti ya bluu iliyokuja kwa kontena. Amemwambia Umulisa, "Hii sanduku yenu nani ametengeneza?" Mtoto akamjibu, "Marehemu babu yangu. Ukiipita utakuwa umempita maiti, usijisifu sana."

Nimemgombeza kwa adabu mbaya. Kisha nimemwongeza nyama.

Ijumaa, 2 Mei

Leo Umulisa amesimama mbele ya kalenda muda mrefu.

"Bibi, eda yako inaisha tarehe ishirini na mbili Juni?"

"Duara hulioni?"

"Fainali ni tarehe ishirini na nane."

Nikaendelea kukata kitambaa. Nikajua anachotaka kusema, mkasi ukaniyumba, nikaharibu kola ya mtu.

"Kaze amekubali kunipisha. Ana kazi Musanze inamsubiri, alikuwa anabaki kwa ajili yangu tu. Bibi, kiti kile si chake. Babu alikipima kwa ajili yako."

"Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Sijui kuogelea."

"Utavaa jaketi la kuelea."

"Nitaonekana kama kifurushi."

"Kifurushi kizuri."

Nimesema ndiyo. Naandika hapa ili nisije nikakana: nimesema ndiyo. Usumani, boti imefika majini, na mimi nimeitwa.

Jumatatu, 5 Mei

Tunafanya mazoezi sebuleni. Benchi ndiyo boti, cherehani ndiyo mlingoti, khanga ndiyo kamba. Umulisa anakaa nyuma, mimi mbele, natazama dirishani migomba ya bondeni. Majani yakigeuka napaza sauti, "Tumbo!" Navuta moja, mbili, tatu, nahamia. Siku ya kwanza nilikalia pasi. Bahati ilikuwa baridi.

Jumatano, 14 Mei

Mara sitini leo. Épiphanie amekuja kukata siku yake kwenye kalenda akatukuta tunarukaruka. "Yewe, mjane amepata wazimu!" Kisha akaketi kwenye mfuko wa pamba kututazama, akasema hata yeye angeweza, kuhama tu upande kuna ugumu gani. Nikamwambia ugumu si kuhama, ugumu ni lini.

Jumamosi, 24 Mei

WA KWANZA. Herufi kubwa nimejifunza kwa kazi hii.

Swafiya amekuja kuaga, anakwenda Makka kuhiji. Amenishika mikono. "Nikirudi nitakuja kukutoa eda mwenyewe. Kwako ndiko nitaanzia, kabla ya kwangu." Nikamwambia aniombee kule nife baada ya fainali, si kabla. Amecheka hadi akashika ukuta.

Jumamosi, 7 Juni

Jana Idi kubwa, leo wa pili. Sasa tuko sawa kwa pointi na Ntare. Imebaki fainali. Kaze ameaga na begi lake, amenibusu, ameniachia jaketi. Nimelitia pindo, lilikuwa pana mabegani.

Mara ishirini benchini. Sikosei tena. Nalijua jani kabla halijageuka.

Jumanne, 10 Juni

Salvator, mwenyekiti wa mashindano, amekuja mwenyewe. Mtu wa heshima, lakini angetuma simu ningemchukia kidogo zaidi. Nilimwambia, "Mimi niko edani, ongea na mlango." Akaongea na mlango, akiniita nyogokuru, yaani bibi.

"Nyogokuru, samahani sana. Ile tarehe ishirini na nane, ufukwe wote umechukuliwa na watu wa harusi. Tumerudisha fainali nyuma. Ni tarehe ishirini na moja."

"Ishirini na moja?"

"Ndiyo, Jumamosi."

"Salvator, una mama?"

"Yupo, nyogokuru."

"Muulize kama siku moja ni kitu kidogo."

"Tungejua mapema," akasema. Nikasikia viatu vyake vinaondoka polepole kwenye changarawe.

Ishirini na mbili ndilo duara langu. Siku moja.

Jumamosi, 14 Juni

Tumegombana, na nitaandika yote.

Umulisa alianza kwa upole. "Bibi, siku moja tu. Mungu atakufungia hesabu kwa siku moja?"

"Simhesabii Mungu. Namhesabia Usumani."

"Usumani alitaka ukae kwenye boti!"

"Na mimi nilikataa miaka miwili. Kila alichoniomba nilimpa nusu. Chakula pamoja na kelele. Nguo pamoja na masimango. Asubuhi ile alitaka nigeuke tu, nikampa mgongo. Hii eda ndicho kitu pekee nitakachompa kizima. Nikikata siku moja, basi ni mimi yuleyule."

Akalia. Alilia kama alipokuwa mdogo, mdomo wazi. "Kaze ameshaondoka. Sina mtu wa mbele. Sheria ni watu wawili. Nimekungoja wewe, Bibi, tumefanya mara ngapi kwenye benchi hii?"

Wakati huo Épiphanie alikuwa kwenye kalenda, kalamu mkononi, anajifanya hayupo. Akageuka.

"Mimi nitakaa. Mimi iko mzito, boti itatulia. Hizo pumzi nimeziona zote."

Mjukuu akanitazama. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema kiti kile kina mwenyewe. Nikasema, "Mfundishe vizuri."

Jumatano, 18 Juni

Wanafanya mazoezi kwenye benchi yangu. Épiphanie anatazama miguu yake badala ya migomba. Nimemwambia mara kumi: jani, tumbo, tatu, hamia. "Nimeelewa, mukecuru, tatu, tatu!" Kesho ana mkaa unaoshushwa, kesho kutwa misa ya marehemu dada yake. Hapati muda.

Ijumaa, 20 Juni

Siku nzima nimeketi. Nimeangalia lango, komeo liko upande wangu.

Jumamosi, 21 Juni

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa moto mbili, zile pikipiki za abiria. Épiphanie alivaa jaketi langu, halikufunga. Umulisa aliniaga kwa kunishika shavu.

Nikaketi kwenye benchi, upande wa mbele, jua likapanda. Migomba ya bondeni ilikuwa inageuka ovyo, huku na huku, haina hata mpangilio, nikajua Muhazi leo ni kubaya zaidi. Kila jani lilipogeuka nilivuta tatu nikahama. Peke yangu sebuleni. Nilihama mpaka goti likavimba. Nilisema labda inasaidia.

Saa tisa pikapu imesimama langoni. Nilisikia kwanza sauti ya mbao, ile sauti ya kitu kilichopasuka kinapopigwapigwa na barabara.

Watu ni wazima. Alhamdulillahi, nimesema mara mia, watu wazima, wote wawili, kulowa tu na Umulisa mkwaruzo mkononi. Naliandika kwanza kwa sababu ndilo la kwanza. La pili ni boti. Mlingoti umekatika kwenye goti, pale unaposimikwa. Tanga langu limechanika toka juu hadi chini, si kwenye mshono. Tumbo la boti limefunguka, nyufa toka mbele mpaka kiti cha nyuma, mtu anapitisha mkono. Wameishusha uani palepale pa zamani, juu ya matofali yaleyale.

Umulisa amesimulia akiwa amesimama. Walikuwa mbele. Mbele ya Ntare, mbele ya wote, wamezunguka boya la pili, mbele yao mdomo wa bonde. Épiphanie akaona majani yamegeuka. Aliona kweli. Akapaza, "Tumbo!"

"Nikamsubiri ahame, Bibi. Nikavuta moja, mbili, tatu. Hakuhama. Nikainama kumchungulia, midomo inacheza. Upepo ukatupiga yeye bado ameketi upande ule. Tukalala. Boti ikaburutwa mpaka kwenye mawe."

Nikamgeukia Épiphanie. "Ulikuwa unafanya nini?"

Alikuwa amejifunika shuka langu. "Nilikuwa nahesabu tatu, Mama Hadija. Salamu Maria tatu. Nilikuwa kwenye ya pili."

"Nani alikwambia Salamu Maria? Nilikwambia pumzi!"

"Mimi tatu zote nahesabu hivyo. Hata mayai nachemsha hivyo."

Nimemwambia maneno. Sitayaandika. Nimemwambia kazi ya mtu ya miaka miwili ameiua kwa ujinga, na kwamba asikanyage tena kwangu hata kwa kalenda. Akaondoka na shuka langu mabegani, analia, mkubwa vile, kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi nimeikata siku mwenyewe. Ya mwisho. Duara jekundu na mstari katikati yake, basi.

Saa nne Swafiya ameingia, bado ana vumbi la uwanja wa ndege, chupa ya zamzam na tende mkononi. Amenikumbatia. Akarudi nyuma akanitazama nguo zangu, nyeupe zilezile.

"Mbona bado umevaa hivi? Nilisema kwako nitaanzia, lakini ndege imetuchelewesha. Sikujua utanisubiri."

"Nisikusubiri vipi? Si inaisha leo?"

"Leo? Mama Hadija, yako iliisha juzi. Ijumaa."

Nikamwonyesha kalenda. Siku mia na zaidi, zimekatwa moja moja kwa mkono wa Épiphanie, hakuna hata moja aliyoruka. Swafiya ameitazama ukutani, kisha amenitazama mimi, na nimeona uso wake unavyoelewa kabla wangu haujaelewa.

"Miezi ya eda ni miezi ya kuandama, dada yangu. Ni mwezi wa mbinguni, wa siku ishirini na tisa au thelathini. Si hii ya famasi."

Mwezi ule niliuona. Niliusimamia dirishani, mwembamba kama ukucha, nikafunga kwa ajili yake, nikala Idi kwa ajili yake. Kwa Usumani nikahesabu kwa matangazo ya dawa ya kikohozi.

Juzi. Jana asubuhi nilikuwa huru. Mjukuu wangu aliponishika shavu nilikuwa huru. Nilipokuwa nahama peke yangu kwenye benchi, goti linavimba, lango lilikuwa wazi.

Swafiya amesema Mungu ameandika nia, si kosa. Amesema vizuri, amelia na mimi. Nimemwomba aniogeshe, ameniogesha. Nimevaa gauni la kijani, Usumani alilipenda.

Jumatatu, 23 Juni

Miezi minne bila kukanyaga njia, na safari yangu ya kwanza imekuwa hatua hamsini, mpaka duka la mkaa.

Épiphanie alikuwa amenipa mgongo, anapanga ndizi. Nilisimama. Nilijua uzito wa mgongo ule, nimewahi kuutoa.

"Épiphanie, geuka."

Akageuka, macho yamevimba.

Nikamweleza aliyoyasema Swafiya, kwamba eda yangu iliisha Ijumaa. Nimewapima watu maisha yangu yote, nikamwambia, na wakati mmoja nilimharibia bibi harusi gauni zima kwa sababu nilisoma upande wa inchi badala ya sentimita. Namba ilikuwa sahihi. Wewe tatu yako ilikuwa tatu. Mimi minne yangu ilikuwa minne.

Ameweka ndizi chini. "Kwa hiyo hata wewe uko mujinga?"

"Kukuzidi. Wewe ulikosa kwa Salamu Maria tatu. Mimi nilikosa kwa miezi minne."

"Na mimi ndiye nilikuwa nazikata," akasema, akafunika mdomo kwa kiganja. "Mama Hadija. Kila asubuhi. Mimi."

"Hukuruka hata moja," nikamwambia. Tukakaa kwenye magunia yake, meusi, na gauni langu la kijani. Wateja wamekuja wakaondoka wenyewe.

Jioni Umulisa amenikuta uani. Akauliza kama atafute fundi. Nikamwambia aitazame mwenyewe. Akapitisha mkono kwenye ufa, akautoa. Fundi wake ndiye huyo amekufa.

Kisha nikamwambia anishike mkono. Nimeinua mguu, goti limepiga kelele, nimeruka ubao wa pembeni, nimeingia. Kiti cha mbele. Juu ya matofali, nchi kavu, kama kuku kwenye sanduku.

Kimenienea. Nasema kama fundi, si kama mjane. Kimepimwa kwangu, nyonga zangu, mgongo wangu unaoegemea kushoto tangu nimzae Hadija. Hakuwahi kunishika kwa tepu. Alijua kwa macho.

Bondeni majani yakageuka tumbo. Nikavuta moja. Mbili. Tatu. Nikahama. Upepo ukaja ukatupiga, ukapita, nguo kwenye kamba zikainuka zikashuka, na boti haikwenda popote.

Usumani, nimegeuka. Nimekaa. Uzito wenyewe ndio huu.